Pampu za Serikali, Boti za Kampuni

Lori la kwanza lilikata kona likinguruma kwa gia nzito.

La pili vilevile.

La tatu. La nne. Yote.

Tindo alikuwa amelala kifudifudi juu ya jabali, darubini ya Zeiss machoni, mvua ikimwingilia kwenye kola na kutokea anakojua mwenyewe. Chini yake barabara ya lami ilijikunja kuteremka mlima mpaka darajani, na ng'ambo ya daraja ulikuwa mpaka. Malori sita ya rangi ya chungwa yalikuwa yanashuka kwa msafara, nyuma ya Land Cruiser moja nyeupe.

Kuna kitu hakikumkaa sawa.

Malori yale yalitakiwa yawe matupu. Yalikuwa yamepeleka mahema na unga kwenye mji uliomezwa na mafuriko, sasa yanarudi bohari ya mpakani kuchukua mzigo mwingine. Hivyo ndivyo ilivyosemwa. Lakini dereva wa masafa marefu akirudi mtupu, akaufikia mteremko kama ule, anatia gia huru na kuliachia lori lijiteremkie. Dizeli anayookoa anaiuza njiani kwa dumu. Ndiyo posho yake ya pembeni, na mkewe nyumbani anaijua.

Madereva sita. Mteremko mrefu kuliko yote katika nchi. Na hakuna hata mmoja aliyethubutu kuachia gari, kama watu wenye mzigo unaoweza kuzishinda breki.

Walikuwa wameambiwa wajifanye watupu. Wakafunga turubai vizuri, wakabana midomo vizuri, wakasahau kujifanya watupu mlimani.

Tindo akachomoa simu ya setilaiti.

"Shangazi."

"Sema."

"Sufuria zimetoka jikoni. Zina chakula."

"Una hakika?"

"Zote zinashuka kwa gia nzito."

Shangazi, kama majasusi wote wa Idara walivyomwita hewani, ndiye aliyekuwa mkuu wa operesheni. Aliwahi pia kuolewa na dereva wa masafa. Hakuhitaji maelezo zaidi.

"Zisivuke daraja," akasema. "Na mpishi namtaka akiwa mzima."

"Sawa."

Simu ikakatika.

Mpishi alikuwa kwenye ile Land Cruiser nyeupe. Wengine walimwita Mshauri. Ndiye aliyekuwa mkuu wa Kampuni katika mkoa ule, mgeni aliyejifunza lugha mpaka akaizungumza kwa adabu kuliko wenyewe.

Kampuni yenyewe ilikuwa na jina refu ambalo hakuna aliyejisumbua kulikariri. Watu waliiita Kampuni, basi, kana kwamba duniani hakuna nyingine. Mto ulipovunja kingo na kuuingia mji, serikali haikuwa na mahema, haikuwa na boti, haikuwa hata na tochi za kutosha. Kampuni ilikuwa navyo vyote. Ikapewa mkataba wa kuokoa, kulisha, kutibu, kusafirisha na kukausha. Minara ya simu ikawa yake. Redio za polisi zikawa zake. Mafuta ya magari ya polisi, yake. Walinzi wa vizuizi, wake. Ukimpigia simu mkuu wa mkoa, anapokea binti wa Kampuni mwenye sauti ya asali, anakwambia simu yako ni muhimu sana kwao, subiri.

Usicheke. Tindo alipiga asubuhi ile ile, akasikilizishwa muziki mpaka akachoka.

Ndiyo maana alikuwa na simu ya setilaiti. Ilikuwa simu pekee mkoani ambayo Kampuni haikuwa inaisikiliza.

Na mji ule ulikuwa na pampu zake. Pampu kubwa za kijani, mali ya serikali, zilizonunuliwa baada ya mafuriko yaliyotangulia ili jambo lile lisijirudie. Wataalamu wa Kampuni wakazikagua, wakasema zimeungua. Wakazing'oa. Mahali pake wakafunga vipampu vyao vya kukodisha, vinavyotema maji kama mzee mwenye pumu. Maji yakakaa. Mkataba nao ukakaa, kwa sababu ulikubaliwa kwamba utadumu maadamu maji yapo.

Idara ilikuwa imenusa kwamba zile pampu hazikuungua hata kidogo. Zilikuwa zinavushwa mpakani zikiwa chini ya turubai, zikapakwe rangi nyingine, zirudi na kuuziwa serikali ile ile kama mpya. Na malori ya misaada hayakaguliwi popote. Ilikuwa amri ya dharura.

Tindo alijua hayo yote tangu juzi. Kilichompa wasiwasi kilikuwa kingine.

Katika mji ule, ghorofa ya juu ya hospitali, mdogo wake wa kike alikuwa na uchungu wa kujifungua. Mtoto alikuwa amelala mkingamo. Chumba cha upasuaji kilikuwa ghorofa ya chini, na ghorofa ya chini sasa walikaa samaki. Madaktari wa upasuaji walikuwa upande mkavu, kwenye hema la Kampuni, na njia ya kufika huko ilikuwa boti ya Kampuni. Wazazi wao walikwisha kufa. Yule binti ndiye ndugu pekee aliyembakia Tindo chini ya jua.

Asubuhi, kabla ya kupanda mlimani, alikuwa amepita kwa Mratibu wa Maafa.

Alimkuta ofisini, mtu mnene mwenye macho ya kukosa usingizi, amezungukwa na vijana wa Kampuni wenye fulana za chungwa. Walikalia meza zote. Mratibu mwenyewe alikuwa amehamishiwa kwenye kiti karibu na mlango, muhuri wa serikali mapajani kama mtu aliyebebeshwa mtoto wa watu.

Walitoka koridoni kuzungumza.

"Nataka mdogo wangu apewe boti ya kwanza," Tindo alimwambia.

"Ndugu yangu, boti sizipangi mimi. Zinapangwa na mtambo wao. Mimi hapa nina muhuri tu. Na wino wa muhuri naletewa na wao."

"Na nikimkamata bosi wao?"

Mratibu alimshika mkono haraka, akaangalia huku na huku.

"Usifanye hivyo. Nakuomba. Mkataba unasema kiongozi wao akiguswa, wana haki ya kusimamisha huduma zote. Boti, maji, dawa, zote. Papo hapo."

"Nani alisaini kitu kama hicho?"

"Mimi."

"Kwa nini?"

Mratibu aliweka kiganja usawa wa kiuno chake.

"Maji yalikuwa hapa," akasema. "Na wao walikuwa na boti mlangoni. Wewe ungesoma?"

Tindo alitaka kumtukana. Hakupata tusi la kumfaa. Angekuwa yeye, maji kiunoni, angesaini pia, na kujua hivyo kulimuudhi zaidi kuliko yote.

Sasa, juu ya jabali, Nokia yake ya kawaida ikatetemeka kifuani. Ujumbe wa mdogo wake.

*Boti imefika kaka. Wananishusha kwa ngazi. Niombee.*

Tindo akafumba macho kidogo.

Kutoka hospitali hadi upande mkavu boti haichukui muda. Kampuni ikija kujua kwamba bosi wake ametiwa pingu, mdogo wake atakuwa ameshafika kwa madaktari. Hivyo ndivyo alivyopiga hesabu. Hesabu yenyewe haikuwa mbaya. Ilikuwa tu imepigwa na mtu aliyetaka sana itoke vile.

Akairukia pikipiki.

Yamaha iliwaka kwa mkwaruzo mmoja. Tindo hakufuata barabara. Alikata kichakani, akashuka na njia ya mbuzi, matope yakiruka hadi kwenye helmeti, tairi la nyuma likimchezea rumba. Mara mbili aliona mauti. Mara ya tatu aliacha kuangalia.

Akatokea kwenye lami, mbele ya msafara.

Daraja lilikuwa jembamba, la gari moja kwa wakati mmoja. Akalivuka, akatandaza mkanda wa misumari kwenye mdomo wake wa pili, akailaza pikipiki mtaroni, akajibanza nyuma ya nguzo ya zege. Akatoa Glock yake, akaifunga kiwambo cha sauti.

Land Cruiser ikaingia darajani.

Ikafika kwenye misumari.

Puu! Puu!

Ikayumba, ikasugua ukingo wa daraja na kutoa cheche, ikasimama kiupande. Lori la kwanza likafunga breki nyuma yake, likaserereka, likakoma sentimeta chache kutoka kwenye bampa. Honi zikalia mlimani kote.

Milango miwili ilifunguka. Walinzi wawili, fulana za chungwa, bunduki fupi aina ya Uzi mikononi.

"Nani huyo?" wa kwanza alifoka.

Tindo akampiga risasi ya mkono. Uzi ikaanguka mtoni. Wa pili akamimina risasi ovyo, akitoboa zege, mvua na hewa. Tindo akajiviringisha, akatokea chini ya mlango wa gari, akamvuta miguu. Kichwa cha yule bwana kikabusu lami. Akalala.

"Tulia hapo hapo," Tindo akamwambia yule wa kwanza, aliyekuwa ameushika mkono wake akilia.

"Nimetulia, mkuu! Mimi nina wiki moja tu kazini!"

"Basi acha kazi."

Madereva walikuwa wameshuka kwenye malori wenyewe, mikono juu, wamejipanga bila kuambiwa. Tindo akapanda lori la kwanza. Akachana turubai kwa kisu. Akasukuma pembeni magunia matupu.

Pampu.

Kubwa, ya kijani, nembo ya serikali ubavuni. Akaikuna kwa ukucha penye weusi ulioambiwa ni wa kuungua. Ulikuwa masizi yaliyopakwa kwa mafuta. Yalitoka kama masizi ya sufuria, na chini yake rangi ilikuwa mpya kabisa.

Alitaka kucheka. Moyo ulimjaa raha ya kazi iliyokwenda sawa.

Mlango wa nyuma wa Land Cruiser ukafunguka taratibu. Kwanza ulitoka mwavuli. Ukafunguliwa. Halafu akatoka Mshauri, suti ya kitani, viatu safi, saa ya Omega mkononi. Akakwepa dimbwi.

"Habari za kazi?" akauliza.

"Upo chini ya ulinzi."

"Nimeona. Samahani, naomba usikaze sana, nina tatizo la kifundo cha mkono."

Tindo akampiga pingu. Akakaza.

Mshauri hakulalamika. Alitazama mto uliokuwa unapita chini kwa hasira, kisha akamtazama Tindo, na usoni mwake hakukuwa na chuki. Kulikuwa na subira. Tindo alikuwa ameshakutana na wauaji wengi, lakini subira ile ilimtisha.

"Saa yangu hii ina kifaa ndani, imekuwa ikizungumza na makao makuu tangu tairi zilipopasuka," Mshauri akasema. "Nadhani sasa unapaswa kupiga simu uulize habari za boti."

Hakuhitaji kupiga. Nokia ililia yenyewe.

"Kaka."

"Mmefika?"

"Boti imezimika."

Tindo alisikia maji yakipiga ubavu wa boti, na sauti ya mwanamke mwingine akisema pumua, mama, pumua.

"Imezimika yenyewe tu katikati ya maji. Zote zimezimika, naziona. Nahodha anasema zimefungwa kutoka huko kwao makao makuu. Ametufunga kamba kwenye nguzo ya umeme tusichukuliwe." Akaguna kwa maumivu, akarudi. "Kaka, nesi anasema mtoto anachoka. Huyo nesi anajifanya hana wasiwasi, lakini mimi namwona."

"Sikiliza, mdogo wangu. Usiogope."

"Siogopi. Wewe una watu wako wakubwa, si uwaambie?"

"Nawaambia sasa hivi."

"Haya. Fanya haraka kaka, nimechoka."

Ikakatika.

Tindo akamshika Mshauri ukosi, akamsukuma kwenye ukingo wa daraja, akamwekea Glock chini ya kidevu. Mwavuli ukaenda na maji.

"Washa boti."

"Siziwashi mimi. Zinawashwa ng'ambo."

"Waambie waziwashe!"

"Nitawaambia. Kwa simu ya video. Ni utaratibu wetu, kuna nchi ambako viongozi wetu walitekwa. Watataka kuuona uso wangu, na watataka kuiona mikono yangu yote miwili." Akaitikisa pingu kidogo nyuma ya mgongo. "Wakiona hii, mazungumzo yamekwisha. Wakiona bastola, vilevile. Ukiniua, ndiyo usiseme. Pole sana kwa mdogo wako. Nasema kweli."

Na kwa kweli alikuwa anasema kweli. Hiyo ndiyo iliyomkata Tindo maini. Mtu yule hakuwa na ugomvi na mdogo wake wala na mtu yeyote aliyekuwa kwenye maji.

Akamwachia. Akachukua simu ya setilaiti.

"Shangazi."

"Nipe habari njema."

"Pampu ninazo. Mpishi ninaye. Wamezima boti zote, watu wakiwa kwenye maji. Na mdogo wangu."

Alisikia Shangazi akiweka kikombe mezani.

"Tuma boti zetu," Tindo akasema. "Za jeshi, za polisi, za bandari. Zozote."

"Nisubiri."

Alisubiri. Mvua ilinyesha. Madereva walikuwa bado wamenyoosha mikono, mmoja akabadilisha mguu. Mlinzi alikuwa anajifunga jeraha kwa fulana ya Kampuni. Tindo alisimama pale na bastola yake, kiwambo chake cha sauti, darubini yake ya gharama, mafunzo yake ya nchi tatu, na hakukuwa na kitu hata kimoja kati ya hivyo kinachoelea.

"Tindo."

"Ndiyo."

"Nimeongea na wizara." Sauti ya Shangazi ilikuwa imezeeka. "Hatuna boti."

"Tulikuwa nazo."

"Zilinadiwa mwaka juzi, zikaonekana mzigo kwa serikali. Aliyezinunua unaye hapo."

Tindo akamtazama Mshauri. Mshauri alikuwa anakunja uso kwa ajili ya kifundo chake.

"Helikopta?"

"Marubani ni wa kwao."

"Shangazi, yule ni mdogo wangu."

"Najua, mwanangu." Hakuwahi kumwita hivyo katika miaka yote ya kazi. "Waziri amesema pampu zirudi, na huyo mtu aachiwe. Amesema wewe hukumkamata, ulimsindikiza. Sina la kukwambia. Ningekuwa na boti ningekuja nayo mwenyewe."

Simu ikakatika kwa upole, kama mlango unavyorudishiwa penye mgonjwa.

Tindo akatoa ufunguo wa pingu. Alikuwa ameshategua mabomu kwa vidole vile, gizani, bila jasho. Ufunguo ukamponyoka. Akauokota kwenye matope. Ukamponyoka tena.

"Taratibu," Mshauri akasema. "Bado tuna nafasi."

Pingu ikafunguka.

Mshauri akajipangusa, akachana nywele kwa vidole, akakaa kiti cha nyuma cha Land Cruiser ili mvua isionekane. Akasimamisha simu mbele yake. Uso wa kizungu ukatokea kwenye kioo, nyuma yake dirisha lenye jua.

Waliongea kwa lugha yao. Tindo aliijua lugha ile vizuri, na angependa siku ile asiijue.

"Uko salama?"

"Niko salama. Tairi zimepasuka, na mlinzi mmoja ameteleza."

"Tuoneshe mikono."

Mshauri akanyanyua viganja, akavigeuza mbele na nyuma kama mtoto anayeonesha kwamba amenawa.

"Huyo mlangoni ni nani?"

Macho ya yule mtu wa ng'ambo yakatua kwa Tindo. Tindo, mwenye nishani mbili kabatini. Tindo, ambaye faili lake hata wakubwa huliomba kwa kunong'ona.

"Huyu? Dereva wangu," Mshauri akasema.

Kwenye kioo yule mtu akasubiri.

Tindo akainamisha kichwa. Akainama vizuri, kama dereva.

"Sawa," sauti ikasema. "Tunarudisha huduma."

Haikuchukua hata dakika. Nokia ikaleta ujumbe. *Imewaka kaka!! Asante Mungu.* Tindo akauegemea mwili wa gari. Machozi yalikuwa yanamtoka waziwazi mbele ya madereva sita, ambao kwa heshima waligeuka wakatazama mto.

Mshauri alishuka, akapiga makofi kuwaita madereva.

"Jamani, geuzeni magari. Kumetokea kosa la upakiaji. Pampu hizi zinarudi mjini."

"Bosi," dereva wa lori la mbele akasema, "si ulisema..."

"Kosa la upakiaji, baba."

"Ndiyo bosi."

Wakageuza mmoja mmoja, kwa tabu, wakikwaruzana, Mshauri akapanda lori la mbele. Njama ilikuwa imekufa. Ukitaka kuwa mwadilifu, na Tindo alijaribu kuwa mwadilifu akiwa amepanda Yamaha nyuma ya msafara ule, kazi aliyotumwa ilikuwa imefanyika. Malori hayakuvuka daraja. Mpishi alikuwa mzima.

Mjini, ngazi za soko kuu ndizo zilizokuwa gati. Maji yalikuwa yamekuja mpaka penye maduka ya nguo, na boti za chungwa zilikuwa zinafunga kamba kwenye vyuma vya vibanda. Watu walijazana, kila mmoja anamtafuta mtu wake. Kipaza sauti cha Kampuni kilikuwa kinatangaza kwamba Kampuni, kwa juhudi zake yenyewe, imefanikiwa kuokoa pampu zote za serikali na kuzifufua. Watu wakapiga makofi. Kikongwe mmoja akapiga vigelegele.

Mratibu alimwona Tindo, akamsogelea. Hakumtazama usoni.

"Nimesaini tena," akasema kwa sauti ya chini. "Wameomba mkataba usihesabu maji, uhesabu miaka. Kwa sababu ya lile la darajani. Ningefanyaje? Niambie wewe, ningefanyaje?"

"Hakuna la kufanya," Tindo akasema.

"Angalau pampu zimerudi."

"Zimerudi."

Mratibu alisubiri kidogo, huenda alitaka atukanwe. Hakutukanwa. Akaondoka na muhuri wake.

Boti ya mdogo wake, iliyocheleweshwa na foleni ya boti zote zilizowaka kwa mpigo, ikakaribia. Mdogo wake alikuwa amelazwa kwenye machela, amevalishwa jaketi la chungwa lisilofunga tumboni, uso umempauka, midomo mikavu. Lakini macho yalikuwa wazi. Tindo akaruka ngazi mbili mbili.

Mtu mwingine alikuwa ameshatangulia.

Mshauri alikuwa ameingia kwenye maji kwa viatu vyake safi, suti mpaka magotini, ameshika pembe ya mbele ya machela. Alikuwa ameleta daktari wake mwenyewe, amesimama juu na gari la wagonjwa mlango wazi, injini inawaka. Hakuna aliyemwomba afanye hivyo. Kifundo chake kilikuwa chekundu kwa alama ya pingu, na alikuwa anabeba kwa mkono ule ule.

"Polepole," alikuwa anawaambia wabebaji. "Polepole na mama."

Tindo akashika pembe ya pili. Wakapanda ngazi bega kwa bega, hatua kwa hatua, na kila Mshauri alipoteleza Tindo alilazimika kumshikilia asije akaanguka na mdogo wake.

Walipofika juu, daktari akamwekea kidude tumboni, akasikiliza, akatikisa kichwa kwamba ndiyo, mapigo yapo, ila twende, twende. Mdogo wake akanyoosha mkono. Tindo akaushika. Lakini binti alikuwa anamtazama yule mtu mwenye suti iliyolowa.

"Kaka," akasema kwa shida, "huyu ndiye wa Kampuni?"

"Ndiye."

"Nahodha ametuambia. Mtambo ulikataa, yeye ndiye aliyepiga simu huko kwao wakawasha." Macho yakamjaa machozi. "Mungu amlipe. Baba, Mungu akulipe. Umetuokoa."

"Ni wajibu wetu, mama," Mshauri akajibu. Akainamisha kichwa kidogo, na haikuwa kejeli.

"Kaka, mbona kimya? Mshukuru basi. Usiwe hivyo. Mshukuru kwa niaba yangu, mimi sina nguvu."

Mlango wa gari ulikuwa unasubiri. Daktari alikuwa anasubiri. Mdogo wake hakuuachia mkono wa Tindo, na hakuwa tayari kuuachia mpaka alisikie neno lenyewe. Alivyokuwa tangu utotoni ndivyo alivyokuwa bado, adabu kwanza.

Mshauri naye alisubiri. Hakutabasamu. Hata alionekana kuona aibu kidogo.

"Asante," Tindo akasema.

Mdogo wake akauachia mkono. Wakamwingiza garini, mlango ukafungwa, king'ora kikalia kuelekea kwenye hema la madaktari. Nyuma yao, malori yalikuwa yanashusha pampu za kijani, na vijana wa Kampuni walikuwa wanabandika nembo ya chungwa juu ya ile ya serikali.

Tindo akafunga zipu ya koti lake. Akavaa miwani yake nyeusi kwenye mvua ile. Akapita katikati ya umati bila haraka, mabega sawa, mwendo ule ule wa siku zote, na watu wakampisha njia kwa sababu alionekana ni mtu ambaye hakuna kinachomshinda.